Benchi la Fundi Viatu

Kitabu hakina jalada. Kilifika hapa Memorial
ndani ya gunia la mitumba, kati ya raba mbili za kushoto.
Nikakishona mgongo kwa uzi wa nta,
nikakiweka benchini.
Maana anayesubiri kiatu hana pa kwenda:
mguu mmoja kwenye ndala zangu,
mwingine kaukunja kama kuku wa mvua,
macho yanatafuta kazi.

Kisa ni cha mtu aliyeziba mfongo usiku
maji yasishuke kwa jirani.
Kijana wa jirani akapanda na kurunzi kuyafuata,
akateleza korongoni.
Miaka thelathini, na yule mtu anarudi, kichwa cheupe,
anauchimba mfongo upya
peke yake, toka chanzoni hadi mlangoni kwa mjane.

Nakijwa, muuguzi wa Mawenzi, alileta kisigino kilichong'oka.
Alilia mpaka nikashindwa kumdai.
"Wangapi hurudi?" akasema.
"Mie nawaona wakifa na neno kinywani,
nawafunga kidevu kwa bandeji, na neno lenyewe limo."

Aikaruwa, muuza mbege wa Pasua, hakulia.
"Kajinunulia usingizi," akasema. "Jembe ndiyo hela yake.
Na mjane? Nani kamuuliza kama anayataka hayo maji?"
Akanirudishia kitabu kwa ncha za vidole,
kama nyama iliyolala.

Mzee Foya, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo,
alihesabu.
"Marehemu kapewa mistari kumi na mmoja.
Mkosaji, kurasa mia mbili na sita."
Akavaa miwani, akaivua.
"Hata mafaili yetu yalikuwa hivyo hivyo."

Elinami wa Uru alibishana na mwandishi, si na mkosaji.
Mfongo hauchimbwi na mtu mmoja, alisema.
Ni wa ukoo. Huitwa watu, hupangwa siku,
na ambaye hakuitwa akishika jembe
anachimba shimo tu.

(Godlisten wa bodaboda alisoma ukurasa wa kwanza
na wa tisini.
Akasema jamaa angerudi na gari.)

Lakini wote, hata Godlisten, huuliza jambo moja:
wa mwisho uko wapi?
Mjane kayanywa maji, au vipi?
Nami hujibu, mtumba huo, ndugu yangu, mtumba.
Basi kila mtu anamalizia kwa kinywa chake.
Kwa Nakijwa, mjane anapiga magoti na kuchota kwa viganja.
Kwa Aikaruwa, anayamwagia majivu.
Mzee Foya anaahirisha.

Ukurasa niliuchana mimi.

Nimeukunja mara nne. Umo ndani ya kiatu cheusi,
rafu ya juu, namba nane,
jozi ya Mbonea, aliyekuwa akijifunza kazi kwangu,
niliyemwitia mgambo
kwa ajili ya ngozi futi ishirini.
Walimpigia pale, penye genge la ndizi,
na mimi nimeshika nyundo, sina msumari wa kupiga.
Viatu alikuwa amevivua, soli zinakauka gundi.
Alikimbia peku.

Ngozi niliiona wiki ya Pasaka
nilipoisogeza cherehani nifagie.

Wapo wanaosema yuko Mirerani. Wengine, Tanga.
Mimi kila masika huvishusha, nafuta ukungu,
napaka rangi, nabadili kamba,
navirudisha.
Ukurasa wenyewe nimeusoma mara moja.
Sikupenda jinsi mjane alivyokuwa mwepesi.
Au niliupenda mno. Sijui.

Jana mteja aliviona, akauliza bei.
Nikamwambia havijaisha.
"Mbona vinang'aa?"
Nikampa ndala, nikampa kitabu,
nikamwonyesha benchi.